Kwenye skrini nyanya anang'aa, kwenye kitabu amekuwa kivuli

Assalaam aleikum Ami,

Mimi ni msomaji wako, mkaazi wa Kibokoni hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu ni kupanga kurasa: kadi za harusi, kalenda, vijitabu vya madrasa, na siku hizi vitabu vya picha za ukoo. Mwaka huu familia moja ya jirani ilinikabidhi albamu zao za miaka na miaka. Walitaka kitabu cha kurasa 60, nakala 40, wawagawie watoto na wajukuu waliotawanyika Lamu, Muscat na London.

Nilizikopi picha zote mwenyewe kwa skana yangu nyembamba, ile inayochomekwa kwa waya mmoja tu kwenye kompyuta. Kisha nikawa nazirekebisha usiku kwenye laptopu, watoto wakishalala. Sikuacha picha mpaka nione imekaa sawa: nyuso zina nuru, leso ya kisutu nyekundu hasa, bahari ya Ngomeni samawati kama tunavyoijua.

Kitabu kiliporudi kutoka kwa wachapaji, kila ukurasa ulikuwa umeshuka giza. Buibui limekuwa doa moja jeusi lisilo na mkunjo. Kisutu kimegeuka rangi ya damu ya mzee. Mzee wa nyumba alikifungua kwenye picha ya harusi ya mamake, akasogea nacho dirishani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Huyu si mama." Akakifunga, akanirudishia.

Wachapaji wanasema faili zangu ndizo zilizokuwa na giza, mashine yao haina kasoro. Mimi nikizifungua faili zile zile kwenye laptopu naona picha nzuri. Mwenzangu wa mabango ananiambia niongeze mwangaza asilimia 20 kwa kila picha nirudishe. Mwengine anasema ninunue skana kubwa. Binamu yangu anasema nigeuze kila kitu kiwe CMYK, yaani zile wino nne za kuchapia: samawati, majenta, njano na nyeusi. Familia bado haijanilipa salio, na wachapaji wanataka pesa upya wakirudia kazi.

Nifanye nini, Ami? Na kuna picha moja ya nyanya wao iliyogandia kioo cha fremu. Nikiivuta, rangi inabaki kwenye kioo. Nimeiskani na kioo chake ikatoka na ukungu. Hiyo nayo nitaifanyaje?

Mpangaji wa Kurasa, Kibokoni

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Kwanza, usiiguse picha hata moja. Usiongeze asilimia 20, usigeuze CMYK, usinunue skana. Kila ushauri uliopewa unagusa picha au mashine, na ninavyosoma barua yako, kilichokuponza ni skrini. Mpaka uijue skrini yako inasema nini, kila utakachorekebisha utakuwa unarekebisha kwa kubahatisha.

Wewe na wachapaji wako nyote mwasema kweli. Faili zina giza, nawe unaziona nzuri. Laptopu nyingi ukiziwasha mwangaza wote hutoa mwanga wa kandela 250 mpaka 400 kwa mita ya mraba. Watu wa kazi ya uchapaji huiteremsha skrini mpaka kati ya 80 na 120. Sasa wewe ulikaa nayo usiku, chumba kimetulia, skrini imewaka kama karabai. Picha iliyoskaniwa vizuri kabisa ingekuonekea imepauka, imejaa mwanga kupita kiasi, na mkono wako ukaiteremsha mpaka jicho likaridhika. Ulichoteremsha ni picha, na kilichokuwa na mwanga mwingi ni skrini. Karatasi haina taa nyuma yake. Inategemea nuru ya chumba iliyoangukia, na wino ukishakaa juu yake haulipi tena kile ulichokiondoa.

Hutakiwi kuniamini kwa maneno. Fungua picha ile ya harusi kwenye programu yako, chukua kile kidude cha dondoo kinachosoma rangi (eyedropper), ukiweke kwenye sehemu nyeupe ya kisutu palipopigwa na mwanga. Itakupa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu (ndizo RGB), kila moja kati ya 0 na 255. Kitambaa cheupe chenye mwanga kinatakiwa kiwe karibu 225 hadi 240. Ukikuta 170, basi faili ina giza, jicho lako liseme litakalo. Kisha weka kwenye buibui. Ukikuta 0, 0, 0 kila unapogusa, mikunjo yote imeshapotea humo, wala hakuna mashine duniani itakayoichapa. Namba hizi hazijali skrini ni ya nani wala saa ni ngapi. Ukienda nazo kwa wachapaji, mazungumzo yatakuwa mafupi na hayatakuwa na hasira.

Ndiyo maana pia sitaki uongeze asilimia 20. Ukiongeza kwa picha zote sawasawa, weupe wa kisutu utaungua uwe karatasi tupu, na buibui lililofika sufuri litakuwa kijivu bila kurudisha mkunjo hata mmoja. Na hizo picha hazina giza sawa. Ulizirekebisha siku tofauti, saa tofauti, ukiwa umechoka na ukiwa hujachoka.

Haya, tuje kwenye skrini.

Panapo dirisha nyuma yako au mbele yako, geuka, dirisha liwe ubavuni. Nyumba za Kibokoni nyingi zina ukuta wa rangi, na rangi hiyo hurudi kwenye skrini bila wewe kujua; ukuta wa kijani uliopigwa jua la saa nne hukufanya uongeze wekundu kwenye kila uso. Kama huwezi kupaka ukuta rangi ya kijivu au nyeupe iliyotulia, tundika shuka isiyo na rangi kali nyuma ya meza. Hata nguo uliyovaa ina neno. Leso nyekundu kifuani inajiona yenyewe kwenye kioo cha skrini. Na uwashe taa ndogo chumbani. Usifanye kazi ya rangi gizani.

Washa laptopu nusu saa kabla ya kuanza. Iache kwenye stima, maana nyingi zikiingia kwenye betri hujipunguzia mwangaza zenyewe. Hapa kwetu stima ikipotea katikati ya kazi, acha marekebisho ya rangi, fanya kazi nyingine ya maandishi mpaka irudi. Zima ile hali ya usiku inayoifanya skrini kuwa ya manjano. Wewe ulikuwa unafanya kazi usiku, kwa hiyo nina shaka nayo sana. Ikiwa ilikuwa inawaka yenyewe kila jioni, picha ulizorekebisha mchana na za usiku hazitafanana ng'o. Zima pia kile kihisi kinachobadilisha mwangaza kulingana na chumba, na kila kitu kinachojiita kontrasti ya kujiendesha au rangi kali.

Sasa chukua karatasi nyeupe, bora iwe ile ile itakayochapiwa kitabu. Ishike pembeni ya skrini pakiwa na nuru ya kawaida ya chumba, na kwenye skrini fungua ukurasa mweupe mtupu. Teremsha mwangaza polepole mpaka weupe wa skrini na weupe wa karatasi vikaribiane. Utashtuka utakapofika, kwa sababu utaona skrini imekuwa hafifu. Siku mbili tatu jicho litalalamika, halafu litazoea. Kama unatumia Windows, andika dccw kwenye sehemu ya kutafuta. Itafunguka njia ya kusawazisha kwa macho, ikupeleke kwenye gama, yaani namna mwanga unavyopanda kutoka giza hadi weupe, na uwiano wa rangi. Si kipimo kamili, kwa kuwa jicho ni jicho, lakini ni bora mara nyingi kuliko ulipo sasa.

Kipimo kamili ni kifaa. Kuna vipima rangi vya kuning'iniza juu ya skrini, kama Spyder vya Datacolor na vile vya Calibrite. Programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine, kifaa kinasoma kilichotoka kweli, kisha inatengenezwa faili ndogo inayoitwa profaili, inayoieleza kompyuta skrini hii inapotoka wapi na kiasi gani. Ukiulizwa malengo, weka nyeupe ya kelvini 6500, gama 2.2, mwangaza kandela 100. Ukimaliza, usiguse tena kitufe cha mwangaza. Ukikigusa umekivunja kipimo. Rudia kila mwezi hivi, kwa sababu skrini huzeeka.

Najua bei ya kifaa hicho si ya mtu mmoja anayeishi kwa kadi za harusi. Lakini kifaa kinatumika nusu saa kwa mwezi. Nyinyi wapangaji wa kurasa mnajuana, kutoka Mji wa Kale mpaka Majengo na Tudor. Fanyeni chama, mnunue kimoja, kizunguke. Programu za ArgyllCMS na DisplayCAL ni za bure na zinasoma vifaa vingi vya aina hiyo, kwa hiyo hata kilichotumika, kikiwa kizima, mnaweza kukifaidi. Nalisema hili kwa moyo wote kwa sababu kila mara naona vijana wenye jicho zuri wakibebeshwa lawama ya kazi mbovu, na ubovu hauko kwao.

Jambo moja kuhusu laptopu yenyewe. Inamishe skrini mbele, kisha nyuma. Kama picha inageuka giza au inapauka kila unapoiinamisha, hiyo ni skrini ya aina ya TN na haifai kuamulia rangi. Tafuta skrini ya mezani ya aina ya IPS, isiyogeuka hivyo, hata ya mkono wa pili, ndiyo uiwekee vipimo. Laptopu iache kwa kupangia maandishi.

Skana yako nyembamba si mbaya. Kwa picha ya karatasi iliyolala bapa inatosha kabisa, na aliyekuambia ununue kubwa kwa ajili ya giza amekosea. Ila sijui uliskani kwa kiasi gani, na hapo huenda ukalazimika kurudia baadhi. Tuseme picha ni ya sentimita 10 kwa 15, na kwenye kitabu umeipa ukurasa mzima wa 20 kwa 30. Ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi, ikishakuzwa mara mbili zinabaki 150, na uso utaonekana umefifia kingo. Skani kwa 600, zibaki 300. Picha ndogo ya pasipoti inayokuzwa mara nne inataka 1200. Usipande juu ya uwezo halisi wa skana, ule wa kihisi chake (optical). Namba kubwa zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za programu kujazia pikseli za kubuni.

Zima marekebisho ya kujiendesha kwenye programu ya skana, yote: kunoa, kurudisha rangi, kuongeza kontrasti. Hayo ndiyo yanayolikata buibui likafika sufuri kabla hata hujaiona picha. Kama skana inakubali biti 48, chagua hizo, uhifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopoteza kitu. Ile picha ya 10 kwa 15 itakuwa na uzito wa megabaiti 50 hivi, na hilo lisikutishe. Nunua diski ya nje. JPEG iwe ya kupeleka tu, isiwe ya kufanyia kazi, kwa kuwa kila ukiihifadhi upya inapoteza kitu. Na usirushiane picha za kazi kwa WhatsApp kama picha. Zinabanwa. Zikilazimu kupita huko, zitume kama hati.

Picha za rangi nyeusi na nyeupe nazo ziskani kwa rangi. Karatasi za zamani zina umanjano wake, na baadaye ukitaka kuuondoa au kuuacha, uamuzi utakuwa mkononi mwako. Utakuta nyingine zina mng'ao wa fedha sehemu za giza, unaoonekana ukiinamisha picha. Hiyo ni fedha ya picha yenyewe iliyopanda juu kwa unyevu, na mji wetu hauna uhaba wa unyevu. Skana huuona mng'ao huo kama ukungu wa buluu. Usijaribu kuufuta kwa kitambaa. Utaupunguza kwenye kompyuta. Picha za rangi za miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi ya samawati ndani ya karatasi hupotea kwanza zikikaa gizani kwenye albamu. Hizo usizihukumu kwa skana wala kwa skrini. Ndivyo zilivyo.

Kioo cha skana kifute kabla ya kila albamu, kwa kitambaa laini kikavu. Hewa ya bahari huacha utando usiouona, na utando huo hupausha weusi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kisutu, na hapa nataka utulie kidogo.

Leso ya kisutu ina rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwa mtu wa picha hiyo ni neema. Weupe wake ni mahali pa kupimia mwanga, weusi wake ni mahali pa kupimia giza, na wekundu wake kila mtu wa pwani anaujua bila kuambiwa. Basi picha yoyote yenye bibi harusi aliyejitanda kisutu, anzia hapo. Weka dondoo kwenye nyeupe: namba tatu zikiwa zimekaribiana, mathalani 232, 230, 226, umefika, na ule upungufu mdogo wa buluu ni umanjano wa kitambaa chenyewe, uache. Zikiwa 232, 212, 215, kuna wekundu umemwagika picha nzima, na uso wa bibi harusi umeupata vilevile. Sawazisha nyeupe, na uso utarudi wenyewe kabla hujaugusa. Weusi wa leso na wa buibui uache kati ya 15 na 25. Chini ya hapo mashine ya kuchapia itaufunga. Usilinganishe na leso mpya ya dukani Biashara Street. Kila toleo lina wekundu wake, na ile ya kwenye picha ilifuliwa na kuanikwa juani.

Uso uwe wa mwisho. Mzee hakuangalia leso aliposema huyu si mama; aliangalia paji, mashavu, na pale chini ya macho. Ngozi ya watu wetu ina wekundu na manjano ndani ya weusi wake, na picha ikishushwa giza hivyo viwili ndivyo vinavyozama kwanza, ukabaki na kijivu. Ukishageuza kwenda wino, soma namba za shavu: samawati iwe ndogo kuliko majenta, na majenta iwe sawa na njano au ipungue kidogo. Ngozi nyeusi zaidi huwa na samawati zaidi na nyeusi kidogo, lakini mpango ule ule unabaki. Ukiona samawati imepanda ikakaribia majenta, huyo mtu anaonekana mgonjwa, na wajukuu watauliza alikuwa na nini.

Binamu yako hakukosea kabisa, ila ameiweka CMYK mahali si pake. Wino wa CMYK ni wa mwisho, na wenye kuamua ni wachapaji. Nakala 40 mara nyingi huchapwa kwa mashine ya dijitali yenye tona (wino wa unga), wala si ofseti, ile mashine ya sahani, na kila mashine na karatasi ina profaili yake. Waulize hivi: "Mnataka nilete RGB au CMYK, na kwa profaili gani?" Wakikutajia FOGRA39 au FOGRA51, ni za karatasi yenye mpako, FOGRA52 ni ya karatasi isiyo na mpako, inayonywa wino. Wakisema leta RGB, wapelekee sRGB, ile ya kawaida ya skrini, na profaili iwe imebandikwa ndani ya faili. Faili isiyo na profaili kila mashine huisoma inavyotaka. Wewe usijisumbue na Adobe RGB, ile yenye rangi pana zaidi. Skrini yako haiwezi kuionyesha yote, nawe utakuwa unarekebisha rangi usizoziona.

Kabla ya kugeuza, tazama kwanza itakavyokuwa. Photoshop ina hali ya kuonyesha prufu, yaani sampuli ya chapisho litakavyotoka, kwenye skrini, ukibonyeza Ctrl na Y, na GIMP ya bure inayo pia. Chagua profaili ya wachapaji na uwashe uigaji wa karatasi. Bahari ya Ngomeni itanywea mbele ya macho yako. Samawati ile kali haimo ndani ya wino nne, na hakuna fundi atakayekutolea. Ikiwa buluu inaelekea zambarau, punguza majenta kwenye maji peke yake. Halafu ikubali, uweke nguvu zako kwenye nyuso.

Sasa prufu ya karatasi. Ukurasa mmoja wenye picha tatu ngumu: harusi ya kisutu, buibui, na bahari. Kwa mashine ile ile, karatasi ile ile itakayotumika. Uitazame mchana, kwenye baraza lenye kivuli, mbali na ukuta wa rangi. Usiitazame chini ya zile taa nyeupe za dukani. Taa nyingine hazina wekundu wa kutosha na huzifanya nyuso kuwa na kijani. Wachapaji wakubwa huwa na kisanduku cha taa ya kelvini 5000, kiwango cha kimataifa cha kutazamia machapisho, na wakiwa nacho watakuwa radhi ukitumie. Ukiridhika, mwite mzee aione prufu hiyo kabla ya kitabu kuchapwa. Kisha wewe na wachapaji mtie sahihi nyuma ya nakala mbili za prufu, kila mmoja abaki na yake. Siku ya kuchukua kazi, kilichochapwa kinalinganishwa na hiyo.

Ile picha iliyogandia kioo usiivute tena, hata kidogo. Ule utando wenye picha umelainika kwa unyevu ukashikana na kioo, na kila ukivuta unabandua sura ya mtu. Ukungu ulioupata kwenye skana si uchafu. Skana nyembamba kama yako husoma kwa kihisi cha CIS, nacho huona sawasawa kile tu kilichogusa kioo chake. Unene wa kioo cha fremu peke yake unatosha kuiondoa picha kwenye usahihi. Hapa ndipo skana kubwa yenye lenzi, ya CCD, inapofaa kweli, kwa sababu huona kwa kina kidogo. Usinunue, nenda studio yenye nayo. Kama huna njia, ipige kwa kamera: fremu imelala bapa, kamera juu kwenye stendi, taa mbili za aina moja kulia na kushoto kwa nyuzi 45, na kitambaa cheusi nyuma ya kamera ili kioo kisirudishe sura yako. Ukishapata nakala nzuri, iache picha na kioo chake, iondolewe kwenye ukuta wa nje unaopokea mvua ya kusi, na isitundikwe mkabala na dirisha la bafu.

Kuhusu pesa, nitakuambia ninavyoona. Namba zikionyesha faili zina giza, basi gharama nyingi ni yako, nayo familia haifai kuongezewa hata shilingi. Lakini mchapaji aliyeona kurasa 60 za nyuso zilizozama akachapa nakala 40 bila kukupigia simu hakufanya kazi yake yote. Wewe ulipe karatasi na tona, wao wakusamehe gharama ya mashine. Nenda mwenyewe, asubuhi, umebeba kitabu na picha mbili tatu za asili, umwombe mkuu wa kazi akae nawe mbele ya skrini yao mfungue faili pamoja. Usiyaanzishe haya kwa simu. Namba zikionyesha faili ziko sawa, basi hakuna la kulipa, na utawaambia hivyo kwa heshima ile ile.

Kwa mzee nenda kabla ya kwenda kwa wachapaji. Mwambie kitabu kinarudiwa, picha za asili za kwenye albamu hazikuguswa wala hazikuharibika, na ataona ukurasa mmoja kabla ya kuchapwa chochote. Salio usiliulize siku hiyo. Na ukipata nafasi mkae naye na albamu, akuonyeshe kwa kidole mamake alikuwa mweupe wa aina gani au maji ya kunde, na ile leso ilikuwa nyekundu kiasi gani. Andika pembeni ya kila jina. Wewe hukumwona, yeye alimwona, na hakuna profaili itakayokupa hilo.

Anza na skrini kesho, na picha kumi za nyuso. Zikikaa sawa kwenye prufu, zilizobaki zitakwenda haraka.

Ami